Kituo cha Kwanza

Miembe ya njia ya kwenda Kwihara imetoa maua. Asubuhi upepo ukianza, vumbi la Agosti na harufu ya maua hayo huingia ndani kwa pamoja, na mama watoto hulazimika kufagia mara mbili kabla ya chai. Maembe yenyewe yataiva mvua zikishakolea, karibu na mwisho wa mwaka. Binti yetu hatayala. Mwanzoni mwa Septemba anakwenda Leipzig, Ujerumani, kufanya kazi ya uuguzi, na mkataba wake wa kwanza ni wa miaka mitatu.

Ni kitinda mimba wetu, ana miaka 27. Amepewa jina la mama yangu, kwa hiyo tangu akiwa mchanga namwita Mayo, kama sisi Wanyamwezi tunavyomwita mama. Alikaa Dar es Salaam miaka minne, mchana yuko wodini, jioni yuko darasani anajifunza Kijerumani. Mwezi wa sita aliaga kazini, akapanda basi, akashuka Tabora na begi moja. Nikamuuliza amekuja kushughulikia nini. Akasema, "Sina shughuli, baba. Nimekuja kukaa."

Jibu hilo lilinikosesha raha siku kadhaa. Nilikuwa nimeshaandaa orodha: vyeti vya kugongesha mihuri, shangazi wa kuagwa, nasaha za kumpa, kiwanja cha kumwonyesha ili ajue pa kujenga atakapopata fedha. Yeye alitaka kukaa uani kiangazi kizima. Nikajiuliza kwa nini jambo dogo kama hilo linanishinda kulielewa, na kadiri ninavyolifikiri naona kosa haliko kwangu peke yangu. Ni la kizazi changu.

Mimi ni mtu wa reli. Niliajiriwa 1975, wakati reli bado ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, miaka miwili kabla Jumuiya ile haijavunjika, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa gadi. Vijana wa leo huenda hawamjui gadi. Ni yule anayekaa behewa la mwisho. Dereva yuko mbele na injini yake, lakini treni haing'oki stesheni mpaka gadi apulize filimbi na kupunga bendera ya kijani. Na Tabora ni njia panda. Reli ilifika hapa kutoka Dar es Salaam mwaka 1912, ikagonga ziwa pale Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Watu wa pande tatu walikutana kwenye jukwaa letu, na kwenye jukwaa hilo wakaachana. Kwa zaidi ya miaka thelathini, filimbi yangu ndiyo iliyokata mazungumzo yao dirishani. Nimeona mama akikimbia sambamba na behewa, ameshika vidole vya mtoto, mpaka jukwaa linamwishia. Nimeona wanafunzi wenye masanduku ya bati wakigeuzia nyuso upande wa pili ili wazazi wasione machozi. Nilijifunza kutazama saa na bendera tu.

Mwaka 1996 mwanangu wa kwanza alikuwa anakwenda chuo, Morogoro. Zamu ilikuwa yangu. Nilimpa nauli, nikampa maneno mawili matatu kuhusu marafiki wabaya, akaingia daraja la tatu, nami nikaenda nyuma kwenye behewa langu. Nikapuliza filimbi. Tulisafiri treni moja usiku kucha, yeye mbele, mimi nyuma. Treni ilisimama Igalula, Goweko, Malongwe, Itigi, na vituo vingine vingi. Kila kituo nilishuka na taa yangu, nikakagua milango, nikapita chini ya dirisha lake. Sikugonga. Dodoma nilikabidhi zamu, nikapita nikamwona amelala, kichwa juu ya mfuko wa michembe ambayo mama yake alimfungia. Nikasema moyoni, mwache apumzike, nikaenda zangu bweni la wafanyakazi. Yeye ni mtu mzima sasa, ana watoto wake Mtwara, na hajawahi kunilaumu. Sasa hivi kila ninapomwangalia Mayo uani, naliona dirisha lile.

Sisi tuliozaliwa miaka ya hamsini tulilelewa kwa ajili ya kuondoka. Mtoto aliyefaulu alipelekwa shule ya mbali, tena kwa makusudi, wa Tabora aende Songea na wa Songea aje Tabora. Baada ya shule ilikuwa Jeshi la Kujenga Taifa, baada ya hapo unapangiwa kazi mkoa usioujua. Nchi ilitaka watu wake wajuane, na ikafanikiwa. Mimi siwezi kuusema vibaya mpango ule, kwa kuwa ndio ulionipa marafiki wa makabila ambayo babu yangu aliyajua kwa utani tu. Hata Mwalimu Nyerere tulimhesabu kuwa mtoto wa mji huu kwa njia hiyo. Aliletwa kijana mdogo kutoka Butiama mwaka 1937 kusoma Shule ya Tabora, akaenda Makerere, akarudi kufundisha St. Mary's hapa hapa Tabora, na 1949 akaondoka kwenda Edinburgh. Aliporejea 1952 alikuwa na kitu cha kumpa kila mtu. Huo ndio mfano tuliowekewa mbele. Mtoto anakwenda mbali kisha anarudi na neema kwa wote. Mzazi aliyelia stesheni alionekana kama anaiibia nchi.

Ila kulikuwa na tabia tuliyojizoesha bila kuambiwa na serikali wala na mtu yeyote. Tuliufanya muda wa mtoto nyumbani kuwa wa matayarisho tu. Likizo ilikuwa ya jembe na makaripio. Ukikaa na mtoto mkazungumza mambo yasiyo na faida ya haraka, ulijiona unamdekeza. Nendeni mkawaulize wazee wenzangu wa Ng'ambo, Kanyenye, Cheyo, Isevya. Watawatajia ada walizolipa, mwaka kwa mwaka, mpaka senti. Waulizeni sasa mtoto alipenda nini alipokuwa na miaka ishirini, aliogopa nini. Wengi watamwita mama yake aje ajibu.

Baba yangu hakuwa hivyo, na alikuwa na sababu nyingi kuliko mimi za kuwa hivyo. Alikwenda manamba, katika mashamba ya mkonge ya Tanga, mara tatu. Walioitwa manamba ni wafanyakazi waliojulikana kwa namba kuliko majina. Mara ya tatu alikaa miaka minne. Nilikuwa mdogo, lakini usiku wa kuamkia safari hiyo naukumbuka. Alikaa na bibi kando ya moto wakimenya karanga za mbegu. Waliendelea mpaka jogoo la kwanza, na sikusikia wakizungumzia safari hata mara moja. Walizungumzia ng'ombe wa jirani, mzinga uliohamwa na nyuki, na mtu fulani wa zamani aliyekuwa mwongo. Bibi alikuwa akicheka. Asubuhi baba alichukua fimbo yake akaondoka, na ungo wa karanga ulikuwa umejaa.

Nilimweleza Mayo habari hiyo siku tulipokwenda Kwihara. Ni mwendo mfupi kutoka mjini, na tulikwenda kwa miguu kwa sababu yeye alitaka hivyo. Njia hiyo ni kipande cha barabara ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaelekea Ujiji. Wazungu wa kwanza kufika, Burton na Speke, waliingia Kaze, ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku zaidi ya 130 kutoka pwani. Wenyeji wetu walikuwa wakiikanyaga njia hiyo siku nyingi kabla yao. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, kama kilo 30 na ushee, wa pembe za ndovu wakati wa kushuka na wa vitambaa na ushanga wakati wa kupanda. Kijana asiyewahi kufika pwani hakuhesabiwa mtu mzima.

Kuna mambo mawili ya misafara hiyo niliyoyapata kwa wazee na ambayo sikuwahi kuyatilia maanani mpaka mwaka huu. La kwanza ni kalenda yake. Watu waliondoka kiangazi, mtama ukishaingia ghalani, na walijitahidi wawe wamerudi kabla ya mvua ili washike jembe. Safari ilikuwa na mlango wa kutokea na mlango wa kurudia, na mlango wa kurudia ulifunguliwa na mawingu. Mke aliyebaki hakuhitaji barua. Akiona mitundu na miyombo inachipua majani mekundu kabla ya tone la kwanza, alijua aanze kuangalia njiani. Si wote waliorudi. Ndui, njaa na vita viliwamaliza wengi, lakini ulikuwepo msimu wa kuwangoja.

La pili ni kituo cha kwanza. Siku ya kuondoka msafara haukwenda mbali. Ulipiga kambi karibu na nyumbani, pengine mahali ambapo moshi wa kijiji bado unaonekana. Aliyesahau kitu alirudi kukichukua. Aliyekuwa bado amelewa pombe ya kuagana alipata nafasi ya kufika. Mama aliyeshindwa kusema neno mchana alikwenda usiku kambini akalisema. Kesho yake ndipo safari ilipoanza kweli. Waliobuni utaratibu huo walijua kwamba mtu haondoki kwa mara moja.

Ningekuwa mnafiki nikisifu njia hiyo halafu ninyamaze kuhusu wengine walioipita. Walipitishwa hapo watu wenye kongwa shingoni, waume kwa wake, na watoto, waliotekwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na hata karibu na hapa. Hao hawakuagwa na mtu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini biashara hiyo haikukoma siku hiyo. Kuna miembe mikubwa kando ya njia ambayo watu husema ilimea kutokana na kokwa walizotupa wasafiri. Mayo alishika gome la mmoja akasimama kitambo. Alikuwa analia, nami sikumuuliza.

Wapo pia waliokwenda kwa hiari na hawakurudi. Msiri, mwana wa mfanyabiashara wa Kisumbwa, alitoka pande hizi akaenda magharibi kufuata shaba na pembe, akajenga dola Katanga, mji wake mkuu ukiwa Bunkeya, mpaka alipopigwa risasi na watu wa Mfalme Leopold mwezi Desemba 1891. Watu wake, Wayeke, wapo Bunkeya hadi leo na wanajua walikotoka. Nilipomtajia Mayo habari hiyo alinitazama usoni, akaelewa ninachoogopa. Akasema, "Baba, Leipzig kuna intaneti." Ni kweli. Tutaonana kwenye simu kila Jumapili. Lakini Ujerumani haina mvua za Novemba za kumrudisha mtu shambani. Mkataba ukiisha huongezwa. Mtu huolewa, huzaa, hununua nyumba. Yote hayo ni heri, na kila moja linaufunga kidogo ule mlango wa kurudia. Mimi nina miaka 73. Hesabu hiyo naijua, na yeye anaijua, kwa kuwa kazi yake ni kukaa na wazee.

Ndani ya jumba la makumbusho la Kwihara kuna habari za Livingstone na Stanley. Baada ya kuonana Ujiji mwaka 1871, walikuja wote Kwihara wakakaa karibu mwezi mmoja. Tarehe 14 Machi 1872 Stanley aliondoka kurudi pwani, na Livingstone akamsindikiza kwa miguu kipande cha njia. Wakaagana barabarani, hawakuonana tena. Livingstone alibaki hapo akingoja watu na mizigo mpaka mwezi wa nane, na Mei 1873 akafia kwa Chitambo, katika Zambia ya sasa. Nimeisikia habari hiyo tangu shule ya msingi, na nilikuwa naichukulia kama mambo ya Wazungu. Safari hii niliona mzee mgonjwa aliyeamka asubuhi akatembea ili asiachane na mtu mlangoni.

Tulipotoka nje Mayo akaniuliza, "Na wewe utanisindikiza mpaka wapi?"

Sikuwa na jibu siku hiyo.

Tangu hapo nimeichana orodha. Vyeti vilikamilika zamani, na mashangazi wamekuja wenyewe. Kiangazi hiki tumekaa. Julai tulikwenda porini na mjomba wake kurina asali. Mjomba bado anatumia mizinga ya magome, na alimfundisha Mayo kushika mwenge ili moshi uingie bila moto kuwafikia nyuki. Aliumwa mara tatu, akacheka kama bibi yangu. Usiku tulilala chini ya mninga kando ya moto, baridi ya kipupwe ikitupenya mablanketi, na akaanza kunieleza kazi yake. Alinieleza habari za mgonjwa wa kwanza kumfia mikononi, mzee wa makamo yangu, na jinsi alivyokwenda stoo ya shuka akakaa sakafuni. Alikuwa na miaka 23. Mimi wakati huo nilikuwa nikimpigia simu kila wiki kumuuliza kama anakula vizuri, naye akinijibu anakula.

Siku nyingine hatufanyi lolote la kusimulia. Mama yake anakata viazi vitamu, vingine vinaanikwa vibichi viwe michembe, vingine vinachemshwa kwanza viwe matobolwa. Mayo anageuza vipande juani na kufukuza kuku. Mimi namenya karanga. Mchana tunakula ugali kwa mboga za nsansa zilizoungwa karanga, na kila mara anasema hazipatikani Dar zenye ladha hii, na kila mara mama yake anafurahi kana kwamba ni mara ya kwanza kusikia. Jioni watoto wa jirani huleta matunda ya mbula yaliyookotwa porini. Tunakaa mpaka nyota zinajaa. Juzi aliikuta filimbi yangu kwenye kopo la misumari, akaniomba nimwonyeshe. Sikuweza kuipuliza. Nikamsimulia habari za kaka yake na dirisha la daraja la tatu, mara ya kwanza kumwambia mtu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mpigie umwambie." Nikampigia usiku ule ule, Mtwara. Tulizungumza saa nzima. Kumbe hakuwa amelala Dodoma. Aliniona nikipita, akafumba macho, akidhani gadi akiwa kazini hatakiwi kusumbuliwa.

Ninyi wenzangu wenye mtoto nyumbani kiangazi hiki, anayengoja viza, barua ya chuo, au siku ya harusi ya mbali, msimtume sokoni kila saa wala msimhutubie kila jioni. Aliyofundishwa ameshafundishwa. Leteni ungo na karanga, mkae. Muulizeni habari asizotarajia kuulizwa, na mkikosa la kusema, endeleeni kumenya. Na wale ambao watoto wenu walishaondoka mkiwa na haraka kama niliyokuwa nayo mimi, simu ipo.

Kaka yake alitaka kumkatia Mayo tiketi ya ndege kutoka hapa mpaka Dar es Salaam. Amekataa. Anasema atapanda treni ya zamani, japo huchukua zaidi ya siku nzima. Reli mpya ya umeme tayari inafika Dodoma tangu 2024, na huku kwetu wanaendelea kuijenga. Nitaifurahia ikifika, lakini safari hii tumechagua inayosimama vituo vidogo.

Jana nilikwenda stesheni nikapanga foleni kama abiria. Nimekata tiketi mbili za viti vinavyopakana. Yake inaishia Dar es Salaam. Yangu inaishia Goweko, kwa dada yangu, ambaye ameahidi kunisubiri na taa.